Taa za Masaka na Kampala: safari ya kamera, watoto na Bibi kwenye Noah moja

Haya nimeyakusanya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari, risiti zilizokunjwa mfukoni mwa koti, na saa ambazo kamera huandika kwenye kila picha. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, shule zimefungwa na msimu wa senene (wale panzi wa kuliwa) haujaisha. Baba watoto kwenye usukani, Bibi (mama yake) kiti cha mbele kwa sababu ya magoti, mimi nyuma na binti yetu mkubwa na kitindamimba wa darasa la tatu. Nilitaka picha za usiku. Wengine walitaka kula na kutembea. Yote mawili yaliwezekana, na nitaeleza yalivyowezekana, maana wengi huniambia kamera na watoto havikai gari moja.

Alhamisi: Bukoba, Mutukula, Masaka

Tuliondoka Bukoba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tangi likiwa limejaa. Jaza nyumbani. Petroli ya Uganda ilitutoka ghali zaidi kwa lita, hata baada ya kupiga hesabu ya fedha zetu. Pale Kyaka gari lilipopanda daraja la Mto Kagera, Bibi alinyamaza hadi ng'ambo. Daraja la zamani la hapo lililipuliwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, na yeye alikuwa msichana anayekimbia na ndoo kichwani. Tulipovuka akaomba chai.

Mpaka wa Mutukula ni wa kituo cha pamoja: muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa jengo moja. Kila mtu awe na paspoti yake, mtoto pia, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa gari, beba kadi halisi ya gari na ukate ile bima ya njano ya COMESA, kisha uombe kibali cha muda cha kuingia nalo. Mihuri ilituchukua dakika chache. Bima ilikula asubuhi yetu, kwa sababu dirishani tulipopanga foleni mtandao ulikuwa umelala na aliyekuwa anahudumu hakujua utaamka lini. Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa anapiga mswaki kando ya gurudumu lake, akamwita baba watoto pembeni: "Mkubwa, usife na foleni hiyo, nyuma ya vibanda vya chai kuna wakala mwingine." Alitupeleka mwenyewe kwa miguu, mswaki mdomoni, akarudi kwenye lori lake bila kungoja asante.

Fedha tulibadilisha hapohapo, shilingi yetu moja ikazaa kama 1.4 ya Uganda. Badilisha ya kukutosha kula na kulala usiku mmoja tu. Nyingine subiri mjini.

Kutoka hapo hadi Masaka, kupitia Kyotera, ni lami, migomba na matuta ya barabarani. Tulipata nyumba ya wageni yenye uzio, vyumba viwili kwa shilingi 70,000 za Uganda kila kimoja (bei zote za huko nazitaja kwa fedha yao), maji ya moto yakija kwa hiari yake.

Jioni nikaanza kuuliza mitego ya senene iko wapi. Huhitaji ramani. Giza likishaingia, tazama mlima upi umewaka kupita kiasi, endesha kuelekea huko. Mhudumu wa nyumba ya wageni alitupa kijana wa kutuongoza, kwani hayo ni mashamba ya watu na huingii na kamera bila kupiga hodi.

Mtego wenyewe uko hivi. Mabati mapya yanayong'aa yamesimamishwa yameinama kidogo, safu baada ya safu, chini ya kila bati pipa. Juu ya nguzo zinaning'inia taa kubwa nyeupe ambazo huwezi kuzitazama. Senene huufuata mwanga, hugonga bati, huteleza, huishia ndani ya pipa. Pembeni wanafukiza majani mabichi ili moshi uwaleweshe. Ukifumba macho, sauti yake ni ya mchele unaomiminwa kwenye sinia.

Bibi alimsalimia mwenye mtego kwa Kihaya, akajibiwa kwa Kiganda, wakaelewana wanavyojua wenyewe. Mzee yule akamgeuzia kreti la soda akae, akampa kitindamimba miwani ya jua iliyovunjika sikio moja. Usicheke, vaeni miwani. Wafanyakazi wote wamevaa, na kofia, na mikono mirefu, kwa sababu taa zinachoma macho na kuna vidudu vingine vinavyounguza ngozi vikiminywa. Tulimpa 10,000 ya ruhusa, akaongeza mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera.

Kwa watakaopiga picha huko: taa ile ikiingia moja kwa moja kwenye fremu, picha imekwisha. Simama mahali ambapo nguzo au kona ya bati inaificha balbu, halafu pima mwanga kwenye bati lenyewe. Nilianza na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde nikapata senene waliogandishwa hewani, kila mmoja na mabawa yake, na picha ikawa baridi, ya kufundishia biolojia. Nilipoishusha hadi sekunde nzima, tundu la lenzi likiwa dogo kwenye f/11 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, kila senene akawa uzi mweupe, nyuzi maelfu zikianguka kuelekea kwenye mapipa, na watu katikati yake wakawa vivuli. Mwambie mtu asimame tuli. Binti yetu alisimama kando ya pipa bila kupepesa, na ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za safari.

Kandokando, chini ya balbu ndogo, wanawake walikuwa wanachambua mabawa na miguu. Mmoja alitukaangia kwa kitunguu, bila mafuta, kwani senene ana mafuta yake. Bibi akamkaribisha aonje. Akakataa: yeye ni wa ukoo wa Nsenene, na mtu hali mwiko wa ukoo wake.

"Sasa chumvi unaijuaje, mwanangu?"

"Mteja akinuna, naongeza."

Bibi alicheka hadi akashika goti. Kikopo kilikuwa 8,000. Mwenye mtego alilalamika kuwa mwaka huu senene ni wachache na umeme ni ghali, lakini sisi macho ya Bukoba yaliona wengi.

Ijumaa: Masaka, Kayabwe, Kampala

Tulichelewa kuamka na sijuti. Lukaya tulisimama kwa kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Wauzaji wenye makoti ya rangi watalizunguka gari na vijiti vya nyama hadi usione barabara. Fungua kioo kimoja tu, chagua uso mmoja, malizana naye. Gonja 1,000, paja la kuku 10,000, na lilikuwa paja la kweli. Kwenye ikweta ya Kayabwe watoto walipanga foleni kuingia kwenye ule mduara mweupe wa saruji, mguu mmoja kaskazini mwingine kusini. Kutoka Kyengera kuingia mjini tulitambaa.

Tulifikia upande wa Mengo, nyumba ya wageni yenye maegesho ya ndani, 120,000 chumba cha watu wanne na godoro la ziada. Gari likalala hapo hadi siku ya kuondoka. Kampala ya jioni usiiendeshe mwenyewe kama unataka picha: utafika umechoka na utakosa pa kuegesha. Tulitumia magari ya kuitwa kwa simu, mara nyingi kati ya 8,000 na 15,000 kwa watu wote watano, tukibanana.

Mvua ilinyesha alasiri yote, ikakatika saa kumi na mbili. Nikasema twende mtaa wa Wandegeya, sasa hivi, kabla lami haijakauka. Barabara iliyolowa inakupa kila taa mara mbili, ya juu na ya chini. Baba watoto alitaka kulala. Nilimtajia roleksi, ile chapati ya kuviringishwa na mayai.

Hapa niseme jambo ninaloamini. Nikiwa peke yangu natafuta kwanza pembe nzuri. Nikiwa na familia natafuta kwanza kiti, halafu chakula, halafu ndiyo pembe, na pembe hupatikana karibu na chakula mara nyingi kuliko unavyodhani. Wandegeya ilinipa vyote ndani ya hatua kumi. Muuza roleksi alikuwa na benchi la mbao, jiko la mkaa, karai bapa na balbu moja isiyo na kivuli ikining'inia usoni pake. Anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu, nyanya na kabichi kwa kisu kikiwa mkononi, bila ubao, anapiga kwa uma, anamwaga, na yai likiwa bado linatetemeka anabandika chapati juu yake, anageuza, anaviringisha, anafunga kwenye karatasi. Mayai mawili 3,000. Kitindamimba alikula mbili akaanza kumwelekeza mwenziwe jinsi ya kuviringisha.

Picha za namna hiyo piga kwa mkono, bila stendi, shata ya 1/50 au 1/100. Umeme wa Uganda ni wa hezi 50, na ukienda kasi zaidi chini ya balbu na mabango ya LED utapata michirizi myeusi inayokata picha. Simu nazo hupata ugonjwa huohuo, kwa hiyo ukiona mistari kwenye skrini, zima ile kazi ya kiotomatiki uipunguze kasi.

Juu ya miti ya barabarani walikuwa wamelala wale makorongo wakubwa wenye upara, Waganda huwaita kalooli. Wanatisha kidogo wakiwa vivuli mbele ya mabango ya taa. Binti yetu ndiye aliyewaona. Pia chagua pa kusimama kwa kutazama ardhi: palipo na madoa meupe chini, kalooli yuko juu yako.

Jambo la usalama bila kuogopeshana: bodaboda hupita karibu sana na ukingo, na simu iliyoshikwa kwa vidole viwili huenda nayo. Mkanda wa kamera niliupitisha chini ya koti. Dada mtu alikuwa mlinzi wa mgongo wangu, kazi aliyoichukulia kwa uzito kiasi cha kumwamuru baba yake asogee.

Jumamosi: Old Kampala na Namirembe

Asubuhi tulipanda mnara wa Msikiti wa Taifa, ule uliojengwa kwa fedha za Gaddafi na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Wageni hulipa kiingilio getini na hupewa mtu wa kuwaongoza. Wanawake hupewa nguo za kujifunga, ila Bibi alikuwa na khanga zake na mwongozaji akamsifu. Epuka Ijumaa mchana. Ngazi ni zaidi ya 300, kwa hiyo Bibi alibaki chini kwenye kivuli, akazungumza na mzee mmoja muda wote huo juu ya bei ya kahawa.

Juu hapo mji wote unajieleza. Unaona kwa nini watu husema Kampala ni ya vilima saba, ingawa ukihesabu leo unapita saba: Rubaga na Kanisa Kuu lake, Namirembe na kuba lake, Kibuli na msikiti wake, Kololo, Nakasero, Makindye. Unaona barabara iliyonyooka kutoka Bulange, bunge la Buganda, hadi Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wao. Kwa mpiga picha wa usiku mnara huu ni wa kupeleleza. Nilisimama nikauliza: jioni nikiwa wapi nitauona msikiti huu mbele na katikati ya jiji nyuma yake? Jibu lilikuwa magharibi, mlimani Namirembe.

Saa kumi na moja tulikuwa kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Namirembe. Hili la matofali lilijengwa kati ya 1915 na 1919, baada ya lililotangulia kuungua kwa radi mwaka 1910. Tuliongea na mlinzi kwanza, tukamwambia ni picha za mji na kwamba tutaondoka kabla hajafunga. Kulikuwa na harusi, wasichana wa maua wakikimbizana nyasini, na kitindamimba akapotea miongoni mwao kwa muda wa furaha.

Sasa, jambo la ikweta. Huku kwetu jua halichezi na mtu. Lilizama kama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, na ile rangi ya bluu nzito angani, ambayo inafanya picha ya usiku isiwe shimo jeusi lenye nukta, huja na kuondoka ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Ulaya wana jioni ndefu, mafunzo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa huko. Kampala uwe umeshasimamisha stendi, umeshafokasi, umeshajua fremu, kabla jua halijagusa kilima. Saa yangu ilikuwa adhana. Ya magharibi ilipoanza upande wa Old Kampala, na nyingine zikaitikia kutoka Kibuli na kwingineko, nikajua ninangoja kama robo saa. Kutoka saa moja kasoro dakika kumi hadi saa moja na dakika tano, taa za mji na mwanga wa mbingu vilikuwa sawasawa. Baada ya hapo mbingu ikafa.

Katikati ya hizo dakika upepo ukavuma na stendi yangu nyepesi ikaanza kutetemeka. Mpiga picha wa harusi, kijana wa Kampala aliyekuwa anafunga mizigo yake, alikuja bila kuitwa. Aliokota mawe, akayatia kwenye mfuko wa plastiki wa maji ya harusini, akauning'iniza chini ya stendi. Kisha akanyosha kidole kwenye lenzi na kusema, "Nyabo (yaani mama), zima hicho cha kuzuia mtikisiko, kwenye stendi kinaharibu." Kweli, kilikuwa kinatafuta mtikisiko usiokuwepo. Picha zikatulia.

Mipangilio: f/8, ISO 100, sekunde nne, kisha nane, kisha kumi na tano giza likiongezeka. Kihesabu sekunde alikuwa kitindamimba, kwa sauti, mkono wake kwenye waya wa shata. Njaa ilipomshika, sekunde kumi na tano zikawa fupi. Kamera imeandika ukweli wote: moja ilikuwa tisa tu. Na ndiyo iliyotoka vizuri zaidi, taa za mnara hazikuungua.

Bibi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa saruji na flaski, mwavuli magotini tayari kwa mvua. Kila aliyepita alimsalimia. Chakula cha jioni tulikula Mengo: matoke na luwombo ya kuku, bado imefungwa kwenye jani la mgomba, 25,000 kwa sahani iliyowashinda watu wawili.

Jumapili: Rubaga, kisha Kampala Road

Misa ya asubuhi Rubaga. Kanisa kuu hilo liliwekwa wakfu mwaka 1925. Bibi alitaka kumsalimu Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka aliyezikwa humo, ambaye uaskofu wake ulianzia Masaka mwaka 1939. Alisimama mbele ya kaburi muda mrefu. Kamera ilikaa begini. Mchana tulilala wote.

Jioni ya Jumapili ndiyo ya kupiga Kampala Road: magari ni machache, yanatembea, kwa hiyo taa zake huchora mistari mirefu badala ya kusimama kama siku za kazi. Nilikuwa nimesimamisha stendi karibu na benki, askari mwenye bunduki ndefu akaja. Hakufoka. "Mama, hapa hapana. Kamera na benki hapana." Akatuonyesha ng'ambo, mbele ya duka la nguo lililofungwa, kisha akamtazama Bibi, akarudi kwenye kibanda chake, akaleta kiti chake cha plastiki akakibeba kuvuka barabara. Alisimama zamu nzima ya picha zetu bila kiti. Tulimpelekea soda na kiti chake.

Kwa ujumla usielekeze lenzi kwenye Bunge, makazi ya Rais, kambi, vituo vya polisi, wala bwawa la umeme ukifika Jinja. Ukiulizwa, onyesha skrini yako na tabasamu. Stendi ndogo ya mezani huvuta maswali machache kuliko kubwa, na kuwa na bibi na mtoto kando yako hujibu maswali mengi kabla hayajaulizwa.

Kwenye mistari ya taa nilitumia sekunde ishirini, f/11. Bodaboda ni bora kuliko magari: taa yake moja hupinda kila inapokwepa shimo, na ukiiangalia picha unaweza kusoma mashimo yote ya barabara.

Jumatatu: kurudi

Tuliondoka kabla ya saa kumi na mbili, na usifanye vinginevyo. Masaka tulisimama kwa mwenye mtego, nikamwonyesha picha kwenye skrini ya kamera. Alizitazama moja moja, akiwa amevaa miwani nzima safari hii. Akasema ni nzuri, ila mapipa yanaonekana nusu, na wateja wake wakiziona watadhani biashara imemshinda. Nirudi mwakani Novemba, mapema. Bibi akamjibu kwa niaba yangu kwamba tutarudi akishusha bei ya kikopo.

Mutukula mtandao ulikuwa hai na foleni fupi. Muhuri, muhuri, kibali cha gari kikarudishwa dirishani, jambo ambalo wengi husahau kisha wakasumbuliwa safari inayofuata. Kwa atakayepita huko na kamera: nenda na memori kadi mbili na betri ya akiba, picha ya sekunde kumi na tano hula betri haraka, na chaja za pini tatu za kwetu zinaingia kwenye soketi zao bila adapta. Mafuta tuliyojaza Bukoba yalitufikisha Kampala. Ya kurudi tuliongeza huko lita ishirini, na hizo ndizo baba watoto bado anazizungumzia.